Bunduki za jeshi zilizostaafu: Mosin ya Mrusi niliyonunua dola 99 leo naambiwa 450. Nini kinapandisha bei, na niuze au nitulie?

#1 MtuWaOhio
Wakuu salaam. Nipo Marekani, Ohio, mwaka wa kumi na nne huu. Mwaka 2012 niliingia duka la vifaa vya michezo kutafutia mtoto viatu, kule nyuma nikakuta bunduki zimesimamishwa pamoja kama majembe ya mnadani, zimelowa grisi, kibao kimeandikwa Mosin-Nagant 91/30 dola 99. Nilikuwa nishapata ukaazi wa kudumu, nikajaza fomu, wakapiga simu kuangalia rekodi yangu, haikupita nusu saa natoka na bunduki, singe yake na mkanda wa turubai. Nikapiga risasi kama 40 hivi uwanjani, bega likauma wiki nzima, nikaifungia kabatini.

Sasa juzi jirani yangu, mzee wa sabini na kitu, tukiwa tunapiga stori akaomba aione. Akaipokea, akaangalia juu, akaigeuza upande wa kushoto, akapitisha dole gumba kwenye chuma pale juu ya kitako mara mbili tatu, kimya. Halafu akasema nakupa 450 leo hii taslimu. Hakuomba hata kupunguziwa.

Nimeingia mtandaoni naona kweli watu wanauziana 350 mpaka 500. Naomba wajuzi mnieleze, kitu cha 1943 kilichokuwa kinauzwa kama jembe kimepandaje hivi? Na niuze au nisubiri?

#2 KamandaMstaafu
Mkuu jibu ni fupi, mtungi umekauka. Mrusi alitengeneza hizo 91/30 kwenye milioni 17, viwanda viwili, Tula na Izhevsk, 1930 mpaka 1945. Vita ilipoisha zikarudishwa maghalani, zikakarabatiwa, zikapakwa grisi, zikafungwa kwenye masanduku zikakaa zikisubiri vita nyingine. Sovieti ilipovunjika wakaanza kuziuza nje kwa sanduku zima, na nyingi sana zilitokea maghala ya Ukraine. Hapo ndipo ulipozikuta wewe. Ikaja 2014 vikwazo vikaanza, ikaja 2022 vita kamili, nani tena anauza bunduki nje wakati anapigana? Hakuna mzigo mpya, uliopo ndio huo unazunguka mikononi mwa watu. Usiuze.

#3 Nyika254
Kamanda milioni 17 ni nyingi kuliko watu wa Nairobi na Mombasa pamoja, utasemaje ni adimu? Mtu wa Ohio sikiza, dola 99 za 2012 ni kama 140 za sasa kwa sababu ya mfumuko, hiyo toa kwanza. Kisha ungekuwa umeweka hizo 99 kwa hisa za S&P 500 (makampuni 500 makubwa ya Marekani) mwaka ule, zingekuwa zimezaa zaidi ya mara nne pia, na hisa hazitaki grisi wala kabati ya kufuli. Kwa hivyo hii bunduki haijafanya maajabu, imetembea na soko tu.

Na huku kwetu usithubutu kuleta hiyo hadithi. Kila siku unasikia polisi wamepata Mark 4 Baringo ama Samburu, ni ile Lee-Enfield ya mkoloni, na mwenye kupatikana nayo bila leseni hajiiti mkusanyaji, anaitwa mshtakiwa.

#4 Dada_Mnadani
Habari zenu. Mimi niko Minnesota, naenda maonyesho ya bunduki na minada ya marehemu karibu kila mwezi, mume wangu alianza mimi nikamaliza 😀 Kamanda na Nyika wote mna ukweli nusu nusu.

Zilitengenezwa milioni 17, sawa, lakini zilizofika Marekani ni sehemu ndogo tu ya hizo, nyingine ziliyeyushwa, nyingine ziko vitani mpaka leo. Mnunuzi wa Ohio hashindani na bunduki iliyoko ghalani Urusi.

Halafu mnaongea kana kwamba Mosin zote bei moja. Hapana. Bei inakaa kwenye alama. Nambari ya mtutu, ya bolti (kile chuma unachovuta kupakia risasi), ya bamba la chini na ya chuma cha kitako, zikiwa zile zile tangu kiwandani unaongea bei nyingine kabisa. Mosin nyingi za maduka zilikarabatiwa, fundi ghalani alichukua bolti yoyote, akafuta nambari ya zamani kwa mstari akagonga mpya ifanane, halafu akapaka kitako ile vanishi nyekundu inayong'aa na kugonga kiboksi chenye mstari wa mshazari kuonyesha imepita ukarabati. Hiyo ni bunduki ya kawaida, 350 mpaka 400 umeuza vizuri.

OP (mleta mada) taja kiwanda, mwaka, na alama zote unazoziona. Na niambie ukweli, zile risasi 40 zilikuwa za makopo ya jeshi? Kapsuli zake zina chumvi, usipoosha mtutu kwa maji unaota kutu ndani. Mtutu ukiliwa na kutu, dola mia moja nzima imekatika kwenye bei.

#5 MtuWaOhio
Dada asante. Risasi zilikuwa za kopo la bati, risasi 440, unalifungua na kifunguo kama kopo la samaki. Kijana wa dukani aliniambia ukimaliza kupiga mimina maji ya moto, nikafanya na birika la chai, mke wangu akaniona kama nimechanganyikiwa. Leo jioni naitoa nisome alama.

#6 MzeeWaSAR
Wajukuu mnanikumbusha mbali. Ile SAR tuliyobeba JKT, tukaruka nayo kichura na kulala nayo, ile ya nusu otomatiki, huku wanaiita SKS ya Mchina. Mimi niko Texas kwa mwanangu, nilipoiona ukutani dukani nilisimama nikaishika mpaka muuzaji akauliza kama niko sawa. Mkono ulijua wenyewe pa kwenda, kidole kikatafuta usalama pale pale nyuma ya kitanzi cha triga. Inauzwa dola 650!! Mwanangu anasema miaka ya mwanzo ya 90 zilikuwa chini ya dola 100 na risasi juu. Sasa hiyo sababu ni moja tu, Clinton alipiga marufuku mzigo wa Mchina mwaka 1996, toka hapo hazijaingia tena.

#7 KamandaMstaafu
Mzee shikamoo. Marekebisho kidogo, ni 1994, ilikwenda pamoja na Marekani kumpa Mchina nafuu ya biashara, wakasema bidhaa nyingine zote zipite ila bunduki na risasi zisipite. Mengine yote umesema sawa, na ndiyo hoja yangu ile ile ya mtungi.

#8 MzeeWaSAR
Marahaba. 1994, nimepokea.

#9 Kitako_Cha_Mninga
Naomba niwaeleze kilichonikuta ili mwingine asipite njia hiyo. Mimi ni fundi seremala kwa asili, nimekulia Keko kwenye samani. 2016 nilinunua Mauser K98k ya Mjerumani, ile ambayo Mrusi aliiteka vitani akaihifadhi akaigonga alama ya X, nilipewa kwa dola 350. Mbao yake ilikuwa imechoka, ina mikwaruzo na doa jeusi la mafuta pale mkono unaposhika. Nikaona aibu kuiacha vile. Nikapiga msasa, namba 80, 120, 220, nikamalizia na mafuta ya kitani koti sita, ikawaka kama meza ya bwana harusi.

Nikaipeleka maonyesho. Mzee wa kwanza akaisifia mbao akaondoka. Wa pili akasema, umefuta alama zote za wakaguzi, zile zilizogongwa kwenye mbao, hiyo umenunua 350 nakupa 200. Nilirudi nayo nyumbani nikiwa nimenyong'onyea. Mikwaruzo ile ndiyo ilikuwa thamani, na mimi niliisaga kwa mkono wangu. Leo wenzangu wenye kama ile ambayo haijaguswa wanaitiwa 700, 800.

OP usiisafishe na chochote zaidi ya kitambaa. Usiipake vanishi!

#10 Nyika254
Pole sana fundi. Hiyo meza ya bwana harusi ungeiuza kama meza 😅 Lakini nimejifunza kitu.

#11 Wa_Nizwa
Assalaam alaykum. Mimi mzaliwa wa Unguja niko Oman kwa babu zangu. Nakuja na mtazamo mwengine kwa sababu huku ni kinyume na alivosema fundi. Soko la Nizwa siku ya Ijumaa, baada ya mbuzi kuuzwa, wazee wanakaa ukutani na bunduki magotini wanauziana. Martini-Henry za Mngereza za karne ya kumi na tisa, na thri-o-thri (Lee-Enfield) kidogo. Martini ilotiwa pete za fedha kwenye mtutu na kitako kuchongwa upya ndo yenye bei, maana inabebwa harusini na sikukuu, inapigwa ngoma nayo. Ukiniletea ilobaki kama ilivotoka kiwandani bila ya fedha, mzee ataiona mtupu. Marekani mtu akiiona hiyo yenye fedha atasema imeharibiwa. Kwa hivo thamani ni ya wanunuzi, haimo kwenye chuma.

#12 Dada_Mnadani
Wa_Nizwa umenifurahisha sana, waalaykum salaam. Ila hata huku kuna aina ya uharibifu wanaoupenda. Chukua K31 ya Uswisi, ile bolti unavuta moja kwa moja bila kuzungusha. Vitako vyake chini kabisa vimeliwaliwa, mbao imegongwagongwa, wanasema askari walikuwa wanagongea viatu kutoa barafu. Watu hawajali hata kidogo, kwa sababu bunduki yenyewe mtutu wake unakuwa kama kioo. Miaka ya 2000 mwanzoni zilikuwa kwenye dola mia na kidogo, sasa 600 na zaidi.

Yangu niliponunua nilifungua skrubu mbili za chuma cha kitako, chini yake nikakuta kipande cha karatasi kimekunjwa, kimegeuka rangi ya chai, kimeandikwa kwa taipureta jina la askari, mwaka wa kuzaliwa, kikosi na kijiji chake. Waswisi walikuwa wanaweka hivyo. Nilikaa nacho mkononi kama dakika kumi. Nilikirudisha pale pale. Aliyekuja kuniomba ninunue karatasi peke yake nilimfukuza.

#13 Mjukuu_wa_KAR
Habari wakuu. Babu yangu mzaa baba alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki), alikwenda Burma 1944 na divisheni ya 11, bonde la Kabaw, alirudi na malaria, kisa cha nyoka na neno "thri-o-thri". Nikitaka bunduki moja maishani ni Lee-Enfield, siyo kwa bei, ni kwa ajili yake. Hamkunielewa hapa msiniulize faida.

Mwaka juzi nikaona mtandaoni "Jungle Carbine", ile Lee-Enfield fupi yenye mdomo kama faneli, No.5. Muuzaji simtaji. Nikalipa 600. Imefika nikaipeleka kwa fundi, akaniambia hii ni No.4 ya kawaida imekatwa mtutu na kampuni ya biashara zamani ikauzwa kwa wawindaji. Naandika hapa msidanganywe: No.5 ya kweli kishikio cha bolti kimetobolewa kuwa na shimo ndani ya kile kirungu kupunguza uzito, na ukitoa mbao ya juu utaona mtutu mwanzoni umechongwa vipande vya chuma vimeondolewa. Yangu haina hata kimoja. Muuzaji alijibu barua moja akanyamaza.

#14 KamandaMstaafu
Pole mkuu. Ila yako ikiwa na maneno US PROPERTY ubavuni bado ina hadhi, maana yake ilitumika jeshi la Marekani.

#15 Dada_Mnadani
Hapana Kamanda, hapo umeteleza. US PROPERTY kwenye No.4 ni zile alizotengeneza Savage huko Chicopee Falls, Massachusetts, Marekani akilipa ampe Mwingereza kwa mkopo wa vita. Kisheria ni mali ya Marekani, ila mbebaji ni Mwingereza na watu wake. Inawezekana kabisa aliyeibeba ni mtu kama babu yake Mjukuu.

#16 Mjukuu_wa_KAR
Dada hilo sikulijua. Naenda kuangalia sasa hivi.

#17 Mwanjelwa_London
Huku Uingereza hadithi tofauti. Baada ya mauaji ya Hungerford 1987, mwaka 1988 wakapiga marufuku bunduki za nusu otomatiki zinazozidi ile ndogo ya .22, kwa hiyo SAR ya Mzee na Garand ya Mmarekani zikapotea mikononi mwa raia. Zinazobaki ni za kuvuta bolti na uwe na cheti cha polisi. Wengine tunanunua zilizozimwa, ambazo hazipigi tena, cheti kinafuatana nayo. Tatizo 2016 kanuni za Ulaya zikabadilika, zile zilizozimwa zamani bolti bado inacheza vizuri, huruhusiwi kuziuza mpaka zizimwe upya kwa kuchomelewa kila kitu. Rafiki yangu mmoja ana Lee-Enfield ya zamani ya namna hiyo, anaipenda, hawezi kuiuza bila kuiua mara ya pili. Kwa hiyo bei ya juu na bei haipo vinaweza kukaa kwenye bunduki moja.

#18 Nyika254
Sasa hapa ndio nawauliza, mbona hamjataja korona? 2020 Wamarekani walinunua bunduki kama unga kabla ya uchaguzi. Ukaguzi wa rekodi ulikaribia milioni 40 mwaka mmoja. Mtu akikosa mpya anageukia ya zamani. Hio ndio bei ya leo, na itashuka.

#19 Kitako_Cha_Mninga
Na vijana wa magemu! Mwanangu ana miaka 19, hajui SMG ikoje lakini Mosin anaitaja kwa jina la ubini, na kazi ni kuangalia video za watu wanafungua grisi. Hao ndio wanunuzi wapya, hawajui hata bei ya zamani, 400 kwao ni ya kawaida.

#20 MzeeWaSAR
Mjukuu Nyika, 2021 Septemba wakapiga marufuku pia risasi za Mrusi kuingia Marekani. Mwanangu anasema risasi zimepanda, za makopo ndo usiseme. Sasa kama chakula cha bunduki kimepanda, bunduki ingeshuka, mbona haishuki? Maana yake wanaozinunua hawapigi, wanatundika. Hiyo inanishinda.

#21 MtuWaOhio
Wakuu nimerudi. Nimeitoa, nimefuta na kitambaa tu kama alivyosema fundi. Juu ya chuma kuna mwaka 1943, chini yake pembetatu yenye mshale ndani. Kiboksi chenye mstari kipo. Vanishi nyekundu ipo. Nambari ya bolti na ya mtutu zinafanana ila ya bolti herufi zake zimekaa tofauti kidogo.

#22 KamandaMstaafu
Pembetatu na mshale ni Izhevsk. 1943 wakati wa vita, bila shaka chuma kina mikwaruzo ya mashine hawakuwa na muda wa kung'arisha. Ya kawaida. Chukua 450 ya mzee.

#23 Mjukuu_wa_KAR
Kamanda si wewe #2 ulisema usiuze?

#24 KamandaMstaafu
Nilisema kabla sijajua ni ya ukarabati. Mtu akipata taarifa anabadilika.

#25 Dada_Mnadani
Subirini. Mimi nimerudi kusoma #1 tena. Jirani kaigeuza upande wa KUSHOTO, kapitisha dole gumba juu ya chuma, halafu kalipa bei ya juu bila maneno. Mwaka na kiwanda vinasomeka juu, huko kushoto huwa hakuna kitu cha kusoma. OP washa tochi, ilaze bunduki taa ije kwa ubavu, angalia ubavu wa kushoto wa kile chuma kinene bolti inapopita. Tafuta miduara. Usikwangue!

#26 Mwanjelwa_London
Tukisubiri. Yule askari wa sanamu pale Dar, mtaa wa Samora, ameshika bunduki ya Mjerumani au ya nani? Maana ni askari wa Mjerumani yule.

#27 Wa_Nizwa
Siyo wa Mjerumani. Pale mwanzo palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Mjerumani, Mngereza alipoingia akaitoa, 1927 akaweka huyo askari kuwakumbuka walopigana na kubeba mizigo upande wake.

#28 MzeeWaSAR
Na askari wa Mjerumani kwa bunduki waliteseka. 1914 wengi walikuwa na ile Mauser ya 1871, risasi moja moja, baruti ya moshi, ukipiga tu moshi unapanda adui anajua ulipo. Tanga Novemba 1914 wakateka za Mwingereza mamia na bunduki za rashasha 16, wakahama. Baadaye Ngomano 1917 wakamnyang'anya Mreno. Mpaka wanajisalimisha Abercorn (Zambia ya leo), Novemba 1918, walikuwa wanapigana kwa bunduki za Mreno na Mwingereza.

#29 Dada_Mnadani
Ndiyo maana Mauser yenye herufi K.S., za jeshi la makoloni ya Mjerumani, ni moja ya vitu vinavyoghushiwa. Herufi mbili ni rahisi kugonga. Ukiiona bila karatasi wala historia ya ilikotoka, lipa bei ya Mauser tu, herufi usizilipie. Tofauti na bunduki ambayo mwanajeshi aliirudisha nyumbani 1945 akiwa na ile hati ya kamanda wake kumruhusu, hati hiyo peke yake inaongeza mamia.

#30 Nyika254
Sisi Wakenya 2016 tulichoma bunduki haramu zaidi ya 5,000 pale Ngong, moto mkubwa, viongozi wakipigwa picha. Mkiongea hivi nafikiria mlikuwa ndani mna nini.

#31 Mjukuu_wa_KAR
Moyo unauma, lakini ndugu yangu wa Turkana au Baringo ukimwambia zihifadhiwe kwa ajili ya wakusanyaji wa Ohio atakuona huna utu. Huko hizo chuma zimezika watoto. Zichomwe. Moja ya kila aina ingewekwa makumbusho, basi.

#32 Nyika254
Hapo tuko pamoja.

#33 KamandaMstaafu
Afrika nyingine haikuchoma, iliuza. Ethiopia maghala yao yalifunguliwa, mzigo ukaanza kuingia Marekani kwenye 2018 hivi. Carcano walizoacha Waitaliano, Mauser za FN za Haile Selassie zenye Simba wa Yuda, Lee-Enfield, mpaka kabaini za M1. Zilikuwa na kutu, mbao zimepasuka na kufungwa waya, lakini wakanunua.

#34 Dada_Mnadani
Na hiyo Carcano mnajua ndiyo iliyofunga milango? Oswald, yule aliyempiga Rais Kennedy, aliagiza yake kwa posta mwaka 1963 kutoka duka la Chicago, dola 19.95 na darubini juu yake. Kennedy akafa, ikaja sheria ya 1968, kuagiza kwa posta kukafa na mzigo wa jeshi kutoka nje ukafungwa mpaka katikati ya miaka ya 80. Kwa hiyo bei za hivi vitu tangu zamani zinafuata mlango: unafunguliwa zinajaa, zinashuka, unafungwa zinapanda. 2013 pia Obama alizuia bunduki za Marekani zilizokopeshwa marafiki zisirudi kuuzwa, Korea walikuwa na Garand maelfu kwa maelfu wanataka kuziuza.

#35 MtuWaOhio
Dada.

IPO. Miduara miwili. Siioni kwa macho ya kawaida, ila tochi ikilala inatokea, mmoja mbele mmoja nyuma, kila mmoja mkubwa kama kifungo cha shati, chuma chake kimeng'aa tofauti kidogo na cha jirani. Ukipitisha kidole unasikia ukingo. Na kwenye mtutu kushoto kuna nambari imepigwa mistari juu yake. Ni nini hii? Imepasuka ikazibwa?

#36 Dada_Mnadani
Haikupasuka! Hiyo ilikuwa ya mdunguaji. Toka 1942 walifunga darubini ya aina ya PU kwa kishikizo cha chuma kwenye ubavu wa kushoto, na Izhevsk ndiyo iliyotengeneza nyingi. Baada ya vita nyingine zikavuliwa darubini, mashimo yakazibwa na kusagwa, bolti iliyopinda ikatolewa ikawekwa iliyonyooka, mbao ikabadilishwa, zikatupwa kwenye masanduku na wenzake. Hiyo nambari iliyofutwa ni ya darubini yake. Ndiyo maana bolti yako herufi hazifanani. Wakati ule wa dola 99 kuna watu walikuwa wanapekua sanduku zima dukani wakipapasa ubavu huo mmoja. Jirani yako alikuwa mmoja wao, naweka kiapo.

#37 Kitako_Cha_Mninga
Nimesimama wima. Dole gumba!!

#38 Nyika254
Sawa nimesoma. Lakini dada imeshavuliwa kila kitu, si imebaki Mosin yenye viraka? Kwa kanuni yenu wenyewe ya #4, isiyo na vitu vyake vya mwanzo inashuka. Hapa mbona inapanda?

#39 Dada_Mnadani
Inapanda kwa kile ilichokuwa. Sitakudanganya, kuna wanaosema kama wewe, hawalipi zaidi ya ya kawaida. Wapo wanaolipa mara moja na nusu, wapo wanaotaka wairudishie darubini. Hao wa mwisho mimi siwapendi, ukiitoboa upya unaharibu alama ya ghala.

#40 Mwanjelwa_London
Mimi kama Nyika. Na picha hatujaona, miduara ya tochi usiku naweza kuiona hata kwenye sufuria.

#41 MtuWaOhio
Picha naweka kesho mchana, simu yangu usiku haifai. Ila niwaambie, nimetoka kumpa mzee chai. Sikumwambia kitu, nikamuuliza tu, ile siku ulikuwa unapapasa nini? Akacheka, akasema nimekuwa nikipapasa hapo tangu 2009, nimepekua masanduku manne sijapata, wewe umekuja kununua viatu umepata. Kisha akasema 600. Nikamwambia ngoja. Akaniambia hata usiponiuzia, usiipake vanishi, na akifa kabla yangu niwaonyeshe wanawe miduara wajue kwanini alikuwa anakuja kuitazama.

#42 Mjukuu_wa_KAR
Wakuu yangu nimeifungua. Ubavuni kushoto, chini ya rangi nyeusi waliyopaka waliokata, kuna US PROPERTY. Haisomeki vizuri ila ipo. Dada nikupigie picha nayo?

#43 Dada_Mnadani
Lete. Na rangi hiyo usiitoe mpaka niione.